Gari linalala wapi? Jinsi miji ya Asia ilivyopunguza, au ilivyozidisha, utegemezi wa magari binafsi

Anayelinganisha usafiri wa miji ya Asia mara nyingi huanza kwa kuhesabu kilomita za reli. Hesabu hiyo hupotosha. Bangkok ina treni zinazopita juu ya barabara tangu tarehe 5 Desemba 1999, na chini ya nguzo zake foleni iko palepale. Tokyo ina treni nyingi kweli, lakini ina pia sheria ya mwaka 1962 ambayo mgeni haioni kwa macho: huwezi kusajili gari kama huna pa kulilaza. Kwetu wapangaji wa usafiri, swali la kwanza kuhusu jiji lolote ni hili: gari linalala wapi, na nafasi hiyo inalipiwa na nani?

Tokyo, mnunuzi huanzia kituo cha polisi cha eneo lake. Hupeleka ramani inayoonyesha nyumba yake na mahali pa maegesho, mchoro wa nafasi wenye vipimo vya urefu na upana pamoja na upana wa njia ya kuingilia, na uthibitisho kwamba ardhi ni yake au mwenye ardhi amemruhusu. Nafasi isiwe zaidi ya kilomita 2 kutoka anapoishi, na gari lote liingie bila kutokeza barabarani. Akishapata cheti ndipo anasajili. Sheria hiyohiyo inakataza kuacha gari sehemu moja barabarani kwa muda wa saa 12 au zaidi, na wakati wa usiku kwa muda wa saa 8 au zaidi. Kwa hiyo vichochoro vya makazi hubaki wazi kwa waenda kwa miguu na wenye baiskeli, na mwenye gari anaihisi gharama ya kulilaza kila mwezi anapolipa pango la maegesho. Kwa upande mwingine, waajiri wengi humlipia mfanyakazi nauli ya kwenda kazini, na posho hiyo haikatwi kodi hadi yen 150,000 kwa mwezi. Mizani imeegemea upande wa treni kabla mtu hajatoka nyumbani. (Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani bado yana kibandiko cha maegesho hayo kwenye kioo cha nyuma.)

Singapore ilikwenda mbali zaidi, na ilianza mapema. Juni 1975 ilianza kutoza dola 3 za nchi hiyo kwa siku kwa gari linaloingia katikati ya jiji asubuhi. Lenye watu wanne au zaidi halikulipa. Wakati huo hapakuwa na treni ya mjini. Treni ilianza Novemba 1987, miaka 12 baadaye, na katika miaka yote ile mzigo ulibebwa na mabasi. Tunalisisitiza hili kwa sababu kisingizio kinachosikika zaidi ni kwamba magari hayawezi kubanwa mpaka reli ikamilike.

Mwaka 1990 likaongezwa sharti la cheti cha kumiliki gari, kinachodumu miaka 10 na kuuzwa kwa mnada mara mbili kwa mwezi. Idadi ya vyeti hutegemea zaidi magari yaliyofutwa kwenye daftari la usajili. Washindi wote wa kundi moja la magari hulipa bei moja: dola moja juu ya zabuni kubwa kuliko zote zilizoshindwa. Tangu Februari 2018 ongezeko la magari binafsi linaloruhusiwa ni sifuri, na mwaka 2023 cheti cha gari dogo kilipita dola 100,000 za Singapore, gari lenyewe bado. Dawa hii ni kali. Inavumilika kwa sababu basi na treni zinafika kweli. Bila hivyo ingekuwa adhabu kwa mwenye kipato kidogo na ruhusa kwa tajiri.

Bangkok ilifuata njia ya kinyume. Kati ya barabara kuu moja na nyingine kuna maeneo makubwa yenye vichochoro virefu, vingi visivyotokea upande wa pili. Basi haliwezi kuingia, kwa hiyo abiria anayeshuka kwenye treni humalizia safari kwa pikipiki. Treni ya chini ya ardhi ilipofunguliwa mwaka 2004, ilikuwa na mwendeshaji wake na tiketi yake, kwa hiyo anayebadilisha treni alianza kulipa upya. Kisha mwaka 2011 na 2012 serikali ikawarudishia kodi wanunuzi wa gari la kwanza, hadi baht 100,000 kila mmoja. Haiwezekani kujenga reli kwa mkono mmoja na kugawa magari kwa mwingine. Kuala Lumpur nayo, yenye kiwanda cha magari cha taifa tangu miaka ya 1980 na petroli ya ruzuku kwa miongo mingi, inahangaika kwa sababu hizohizo.

Vizuizi vya magari navyo si vya kudharauliwa hata vinapochezewa. Jakarta ilikuwa na barabara ambazo saa za foleni hazikupitika bila watu watatu ndani ya gari. Wenye magari wakawa wanakodi watu wa kukaa nao njiani, wengine wakiwa kina mama na watoto wachanga, na mwaka 2016 kanuni ikafutwa. Watafiti walipima kwa data za simu: jioni, muda wa kwenda kilomita moja ulipanda kutoka dakika 2.8 hadi 5.3, na foleni ikaongezeka hata kwenye barabara ambazo hazikuwahi kuwa na kanuni hiyo.

Seoul ndiyo inayotufaa zaidi Afrika Mashariki, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa wetu: kampuni binafsi za mabasi zikigombania abiria, njia zenye faida zikijaa magari na nyingine zikiachwa. Tarehe 1 Julai 2004 jiji lilishika upangaji wa njia na mapato, likaanza kuwalipa wenye mabasi kwa huduma waliyotoa badala ya abiria waliobeba. Mabasi yakapakwa rangi kwa kazi: bluu njia kuu, kijani ya kulisha vituo, nyekundu ya miji ya pembeni. Nauli ikawa ya umbali wa safari nzima, hata ukibadilisha basi na treni. Ila lazima uguse kadi unaposhuka pia. Ukisahau, unapoteza haki ya kuunganisha. Siku za mwanzo mashine za kadi zilisumbua na wananchi wakakasirika sana, hadi meya akaomba radhi.

Jakarta imefanya vivyo hivyo kwa vipanya vyake, mabasi madogo yaliyokuwa yakisimama njiani mpaka yajae. Yaliyojiunga na mtandao wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza Januari 2004, hulipwa kwa kilomita. Dereva hana tena sababu ya kusubiri abiria, lakini anaweza kupata sababu mpya ya kukimbia na kuruka vituo ili atimize kilomita zake. Mkataba unaofaa, kwa hiyo, hufuatilia gari kwa setilaiti, huhesabu vituo ambako gari lilisimama na muda uliotumika kati ya kituo na kituo, na hukata malipo kwa kila kituo kilichorukwa.