Nyasi kavu za mwaka jana bado ni chakula

Wafugaji wengi huamini kwamba nyasi kavu zikipitisha mwaka ghalani hubaki za kumjaza ng'ombe tumbo tu. Kinachopungua sana ni karotini, ambayo mwili wa ng'ombe huigeuza kuwa vitamini A. Protini na nguvu hazishuki sana, mradi nyasi ziliwekwa zikiwa na unyevu wa asilimia 15 hivi na hazikunyeshewa. Unyevu huziharibu kuliko umri.

Fungua robota, chimba hadi katikati. Nje kukiwa kumepauka usishtuke, ni jua tu. Nusa: uvundo, vumbi jeupe la ukungu au joto mkononi ni dalili mbaya. Majani yakiwa bado yameshikamana na mabua, afadhali. Kiwango cha protini, hata hivyo, hupimwa maabara, jicho halikioni.