Msimbo kuwa wazi hakufanyi picha zako ziwe wazi

Kuna ujumbe ambao haukomi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: usiweke picha za familia kwenye programu za bure za kuhifadhi mafaili na picha kama Nextcloud au Piwigo, eti msimbo wake uko wazi, hivyo yeyote anaweza kuona ulichohifadhi.

Si kweli. Kinachosomeka na wote ni msimbo, yaani maelekezo ya jinsi programu inavyofanya kazi. Picha zenyewe hukaa kwenye seva uliyoiandaa wewe, iwe kompyuta ya zamani nyumbani au seva ya kukodi. Kujua mapishi ya pilau hakumpi mtu sahani kutoka jikoni kwako.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, usiingie kwenye akaunti, kisha bandika anwani ya albamu yako. Ukidaiwa nywila, na mgeni atadaiwa. Picha zikitokea, basi albamu imewekwa ya umma au kiungo chake kimeshirikishwa. Badilisha kwenye mipangilio.

Mkanganyiko unaeleweka. Tumezoea huduma za bure zinazojiendesha kwa matangazo na taarifa zetu. Tena picha huvuja kweli, lakini tafuta sababu kwenye nywila dhaifu au programu isiyosasishwa. Huo mzigo ni wako, pamoja na nakala za akiba: diski ikifa, hakuna wa kumlalamikia.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwelekeze aliyeutuma ajaribu lile dirisha la faragha.