Hojaji ya Morali ya Wafanyakazi: Kuondoa Jina Hakutoshi

Malalamiko kuhusu hojaji za morali katika mashirika ya hisani yanaongezeka, na mengi yana chanzo kimoja: mfanyakazi aliahidiwa siri, kisha akaitwa ofisini aeleze kwa nini alijibu hivyo.

Tunaamini viongozi wengi hawakuwa na nia mbaya. Lakini kuondoa jina hakumfichi mtu, na inachosha kulirudia hili. Hojaji inayouliza kituo, jinsia, cheo na miaka ya kazi, ikijazwa katika ofisi ya watu 7 kule Lodwar yenye dereva mmoja wa kike, imeshamtaja dereva huyo. Uliza idara tu. Kundi lenye majibu chini ya 5 liunganishwe na jingine. Zima kipengele cha fomu kinachokusanya barua pepe. Maoni ya maandishi yafupishwe kabla ya kumfikia meneja, kwa sababu uandishi wa mtu hutambulika upesi.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, jibu linaloweza kumtambulisha mtu ni data binafsi. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi, na uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Faini hufikia shilingi milioni 5 au, kwa shirika, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni cha chini. Data ikivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. "Sisi si kampuni" si utetezi.

Kwenye maswali, tenganisha lengo la shirika na mazingira ya kazi. Watu wanaopenda kusaidia wakimbizi wataipa kazi yao alama za juu hata kama mishahara imechelewa miezi miwili, na wastani utaficha shida. Walinzi, madereva na wahudumu wa nyanjani wapewe karatasi na sanduku lililofungwa. Mwezi wa kuhuisha mikataba uepukwe, maana hofu ndiyo itakayojibu.

Kwa swali la "ungempendekezea rafiki afanye kazi hapa?" la alama 0 hadi 10, toa asilimia ya waliotoa 0–6 kutoka kwa ya waliotoa 9–10. Wakijibu 32, 16 wakiwa juu na 8 chini, matokeo ni +25. Waliotoa 7 na 8 hubaki kwenye jumla ya 32. Wengi huwaondoa, hesabu ikaharibika.