Wherefore siyo "wapi", jamani

Nafundisha tuisheni ya litricha kwa Form Five na Six hapa Kinondoni, na kuna dhana moja imenichosha kabisa, kwamba Juliet wa tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, akisema "O Romeo, Romeo, wherefore art thou Romeo?" eti anauliza Romeo yuko wapi. Juzi tena kwenye mazoezi ya igizo binti kasimama juu ya meza, mkono juu ya macho, anaangaza kushoto kulia kama anasubiri daladala ya Mbagala, na darasa zima linaona sawa tu.

Wherefore ni kwa nini. Juliet hajui kabisa kwamba Romeo yuko pale chini bustanini anamsikiliza, anadhani yuko peke yake, na anacholalamikia ni jina: katika vijana wote wa Verona kwa nini wewe uwe Romeo, mtoto wa kina Montague, maadui wa kwetu? Someni mstari unaofuata basi, anamwambia amkane baba yake na alikatae jina lake, mbele kidogo anauliza jina lina nini, waridi ukiliita vingine si litanukia vile vile. Sasa mtu anayeuliza "uko wapi" hayo mambo ya jina yanaingiaje? Hata sauti inakosewa, watu wanakandamiza "art" wakati mzigo uko kwenye lile Romeo la mwisho, na wengine wanachomeka koma kabla yake, koma ambayo haipo.

Kinachowapoteza ni hiyo where ya mwanzo. Lakini therefore mnaiandika kila siku kwenye insha na sijaona aliyeielewa kuwa "pale", na haya maneno ni ndugu, moja linauliza sababu lingine linajibu. Chukua Biblia ya King James ya 1611, Mathayo 14:31, Petro anazama, Yesu anamuuliza "wherefore didst thou doubt?", na Biblia yetu inasema "mbona uliona shaka?" Mbona! Hakuna neno linalokaa vizuri zaidi, maana lalamiko la Juliet nalo limo humo humo: mbona wewe ni Romeo?

Wengine wanasema neno limeshakufa. Mwulize wakili yeyote hapa mjini, hati nyingi za madai za Kiingereza zikifika kwenye maombi zinaanza na WHEREFORE, ila pale siyo swali, ni "kwa hiyo", ndiyo kazi yake ya pili. Lakini wewe kwenye insha usiliweke, andika why au therefore, msahihishaji hakuongezei maksi kwa neno la kizamani.

Halafu Kiingereza hiki cha Juliet siyo Old English, Kiingereza cha kale kabisa, hiyo iliishia miaka ya 1100 hivi na ungepewa usingeambulia hata mstari. Thou, yaani wewe, nayo siyo ya heshima, ni kinyume chake, ni ya mtu wako wa karibu au aliye chini yako, mkubwa alikuwa anaitwa you. Na balkoni mnayoing'ang'ania kwenye michoro, neno lenyewe halimo kwenye tamthilia, Shakespeare kataja dirisha.