Je, wajua matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2016 yalivyoviacha vyuo vikuu vya Kenya bila pesa?

Mwaka 2015, watahiniwa 2,685 walipata A katika KCSE. Mwaka uliofuata, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i akiwa ameziba mianya ya wizi wa mtihani, walikuwa 141 tu. Wazazi walishtuka, ila waliopaswa kukosa usingizi hasa ni wahasibu wa vyuo vikuu vya umma.

Tangu miaka ya 1990, mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alikuwa akilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, awe anasomea historia au udaktari. Hazina Kuu ilitakiwa kujazia kilichobaki, lakini haikujazia chote. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata ujanja: Module II, maarufu kama parallel. Aliyepata C+, alama ya chini ya kuingilia digrii, akakosa nafasi ya serikali, alikaribishwa ajilipie karo kamili. Vyuo vingine vikafuata, pesa zikamiminika. Ghorofa zikakodiwa katikati ya miji, juu ya maduka na benki, zikaitwa kampasi. Serikali nayo, Rais Kibaki akielekea kung'atuka, ikavipandisha hadhi vyuo vishiriki zaidi ya kumi kwa mkupuo, vikawa vyuo vikuu kamili. Kila kimoja kikahitaji naibu chansela, baraza na, bila shaka, magari.

Kumbe yote hayo yaliegemea wingi wa C+. Waliofikisha alama hiyo walishuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi chini ya 89,000. Nafasi za serikali zikawatosha wote, tena wengine wakapelekwa vyuo vya kibinafsi kwa pesa za umma. Nani tena angejilipia?

Kampasi zikafungwa, mishahara ikabaki palepale. Baadhi ya vyuo vikawa vinamkata mhadhiri kodi, pensheni na mkopo wa sacco bila kuziwasilisha: payslip inaonyesha amelipa, sacco inamdai. Wengi hulaumu ufisadi, nao upo, lakini mimi naona shida kubwa ni ile karo ya Sh16,000 ambayo hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuigusa.

Mwaka 2023 Rais William Ruto aliigusa. Kila kozi ikapewa bei yake, udaktari ukipita Sh600,000 kwa mwaka, na ufadhili pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ukafuata uwezo wa familia. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wao wamewekwa kundi moja na watoto wa matajiri. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo, na serikali ikakata rufaa.