Chuo kikuu binafsi Japani: mfano wa Waseda

Huku kwetu ukitaja chuo kikuu binafsi, wengi hufikiria kitu cha juzijuzi chenye ada kubwa na mwenye chuo anayejulikana kwa jina. Japani mambo yamekaa vingine. Karibu robo tatu ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini humo wako kwenye vyuo binafsi, na baadhi ya vyuo hivyo vimepita umri wa miaka mia. Chini ya sheria ya mwaka 1949, chuo cha aina hiyo huwa chini ya shirika la elimu lenye bodi yake. Hakina wenye hisa wa kugawana faida. Serikali hutoa ruzuku, ila tegemeo kubwa ni ada.

Waseda, kilichopo Tokyo, ni mfano mzuri. Mwanzilishi wake, Okuma Shigenobu, aliondolewa serikalini mwaka 1881 baada ya kushinikiza bunge la mtindo wa Uingereza liundwe upesi. Mwaka uliofuata akafungua chuo. Wakati ule vyuo vya serikali vilikuwa vikiandaa maofisa wa dola. Okuma yeye akahubiri uhuru wa elimu, na wakubwa wakakitazama chuo chake kwa jicho la shaka. Jina la Waseda lilikuja mwaka 1902, na hadhi kamili ya chuo kikuu kisheria ikapatikana 1920. Okuma mwenyewe, aliyepoteza mguu kwa bomu mwaka 1889, alirudi madarakani na kuwa waziri mkuu mara mbili. Aliamini binadamu anaweza kuishi miaka 125, ndiyo maana mnara wa saa wa ukumbi uliopewa jina lake una urefu wa shaku 125, kipimo cha zamani cha Kijapani, yaani kama mita 38. Yeye alifariki akiwa na miaka 83.

Chuo kilichozaliwa upinzani kimeishia kutoa mawaziri wakuu: Ishibashi Tanzan, Takeshita Noboru, Obuchi Keizo, Noda Yoshihiko, Kishida Fumio, na si hao tu. Kwenye biashara yumo Ibuka Masaru, mmoja wa waanzilishi wawili wa Sony, na Yanai Tadashi wa maduka ya nguo ya Uniqlo.

Lakini ukikuta orodha ya "wahitimu mashuhuri" wa Waseda, isome kwa makini. Lee Byung-chul, mwanzilishi wa Samsung, alisoma pale na hakumaliza. Sugihara Chiune, mwanadiplomasia aliyewaandikia viza maelfu ya Wayahudi huko Lithuania mwaka 1940, naye aliondoka kabla ya kuhitimu. Wenyewe pale Waseda wana utani wa siku nyingi kwamba aliyeacha masomo ni daraja la kwanza, aliyerudia mwaka ni la pili, na aliyemaliza kwa wakati ni la tatu. Kwa kipimo hicho mwandishi Murakami Haruki ni daraja la pili: aliingia 1968, migomo ya wanafunzi ikiwa imepamba moto, akahitimu 1975, tayari ana baa yake ya muziki wa jazi.

Watanzania wanaofuatilia riadha wanamjua mhitimu mwingine, Seko Toshihiko. Kwenye marathoni ya Fukuoka, Japani, Desemba 1983, alijibanza nyuma ya Mtanzania Juma Ikangaa hadi wakaingia uwanjani, kisha akachomoka mwishoni kabisa. Saa 2:08:52 kwa 2:08:55. Baada ya kilomita 42, sekunde tatu zinauma.

Na mbio zina uhusiano wa moja kwa moja na mfuko wa vyuo hivi. Kila tarehe 2 na 3 Januari, vyuo vya ukanda wa Tokyo hushindana mbio za kupokezana za Hakone, ambazo Waseda ni mmoja wa waanzilishi wake wanne wa mwaka 1920. Televisheni huonyesha mwanzo hadi mwisho, na nchi nzima iko mapumzikoni inatazama. Kwa chuo kinachoishi kwa ada, jina likitajwa kwa saa kadhaa hewani ni tangazo ambalo vyuo vidogo visingeweza kulilipia. Ndiyo maana Yamanashi Gakuin, chuo binafsi kisicho na ukongwe wa Waseda, kilimchukua Mkenya Joseph Otwori na kumkimbiza Hakone mwaka 1989. Tangu hapo vyuo vingine vimefuata njia hiyohiyo, na vijana wa Kenya wamekuwa sehemu ya mbio hizo.