"Sidhani kama anajua"

Ukiniuliza kama jirani yangu anajua kutumia Excel, nikakujibu "Sidhani kama anajua," utaondoka ukijua nimesema hajui. Kwangu mimi, ninayeunda programu zinazokisia mtumiaji anajua nini na anataka nini, sentensi hiyo ni mtego. "Mfumo unaamini kwamba mtumiaji hajui" maana yake mfundishe tangu mwanzo. "Mfumo hauamini kwamba mtumiaji anajua" maana yake habari zake hatuna, tumuulize kwanza.

Kwa mantiki huwezi kuzichanganya hizo mbili. BGP-MS, mfumo wa Alfred Kobsa na Wolfgang Pohl pale Konstanz, Ujerumani, miaka ya 1990, ulitenga dhana zake kuhusu mtumiaji kwa vyumba, vyenye majina ya vifupisho vya Kiingereza: SBUB, mfumo unaamini kwamba mtumiaji anaamini, SBUW, mfumo unaamini kwamba mtumiaji anataka. Chukua mtu anayeamini kwamba akifuta aikoni kwenye skrini, programu nzima imefutika. Mfumo unajua si kweli, lakini unaitunza imani yake kama ilivyo, kwenye chumba chake. Bila hivyo utamsaidiaje?

Kigumu zaidi ni kukisia. Mwaka 1979 Elaine Rich alieleza Grundy, programu iliyojifanya mkutubi: unajieleza kwa maneno machache, inakuweka kwenye kundi, inakuchagulia riwaya. Nami nafanya hivyo hivyo. Mtu akisema ni mhasibu, nachukulia anazijua fomula, na kwa sababu hiyo namfichia maelezo ya wanaoanza. Kisha anauliza namna ya kujumlisha safu moja! Mantiki ya kawaida haina namna ya kurudisha neno. Hitimisho likishatoka, habari mpya hailiondoi. Raymond Reiter, mtaalamu wa akili bandia, alitupa njia mwaka 1980: shikilia dhana mpaka kitokee cha kuipinga. Ila kufuta dhana peke yake hakutoshi. Yale maelezo niliyoyaficha nayo yarudi, kwa hiyo kila hitimisho lazima likumbuke limezaliwa na nini. Hapa ndipo programu nyingi nilizowahi kukagua zilipokuwa zimeharibika.

GUMS ya Tim Finin, mfumo mwingine wa kumkisia mtumiaji, ulioandikwa kwa Prolog, lugha ya kompyuta inayotumia mantiki, ulikuwa na dhana za namna hiyo. Lakini Prolog ina tabia yake: isichoweza kukithibitisha inakihesabu si kweli. Yaani ni "sidhani kama anajua" ile ile, imerudi kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana kwenye programu zangu swali lolote kuhusu mtumiaji lina majibu matatu: ndiyo, hapana, bado. Wateja huniomba niliondoe la tatu, eti linawachanganya. Huwa nagoma.